Kanga Isikatwe Ulimi

Wamezuka katika miji yetu wabunifu wa mavazi wanaotangaza kwamba wanaipenda kanga. Huishona magauni, makoti na mashati, wakayapitisha jukwaani. Nao watazamaji hupiga makofi na kusema: huu ndio urithi wetu. Kuipenda kanga si kosa. Lakini mapenzi hupimwa kwa jinsi mpenzi amtendeavyo ampendaye, na wengi wa wapenzi hawa wanaitendea kanga dhuluma. Wanaikata ulimi.

Kanga ni nini? Ni vazi la pamba liuzwalo kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana, kila kimoja chenye urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa sentimita 110. Kila kipande kina pindo linalozunguka pande zote nne, kina mji ulio katikati, na kina jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye mji juu ya pindo la chini. Kwa hiyo kanga ina kichwa na miguu, ina mpaka na ina kauli. Kitenge sivyo kilivyo. Kitenge ni jora. Nakshi yake hujirudia tangu mwanzo hadi mwisho, na fundi aweza kupitisha mkasi popote asiharibu maana yoyote. Mbunifu akataye kanga kama akatavyo kitenge hajajua bado kilichomo mkononi mwake.

Jina hilo halikuja bure. Katika karne ya 19 watumwa wa pwani walivaa kaniki na merikani, nguo zisizo na nakshi wala neno. Karne hiyo ilipokaribia kwisha, wanawake wa pwani walianza kuunganisha leso za rangi wakapata vazi pana la kujifunga. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake walioachwa huru walijivika kanga kuonyesha kwamba wao nao ni watu. Baadaye maneno yakaingia katika nguo, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Wafanyabiashara kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, walifanikiwa kwa sababu walisikiliza wanawake wanataka kusema nini. Basi jina la kanga ni sauti ya mtu ambaye jana hakuruhusiwa kusema.

Hata leo mnunuzi makini hasemi "nipe ile nyekundu" kabla hajasoma jina. Kwa jina mama hushukuriwa, mume huonywa, jirani mchongezi hujibiwa, na yote hayo bila ya mtu kufungua kinywa wala kuvunja adabu.

Sasa tutazame kazi ya mkasi. Lichukue jina hili linalofahamika na wengi: Mdhaniaye ndiye kumbe siye. Fundi akilikata kwapani, likabaki Mdhaniaye ndiye, onyo limegeuka kuwa sifa! Chukua lingine: Japo sipati tamaa sikati. Likikatwa kiunoni hubaki Japo sipati, na tumaini lote limetupwa sakafuni pamoja na vipande vya nguo. Wengine hulitupa jina zima, wakabakiza rangi na maua. Je, huo ni urithi, au ni ngozi ya urithi?

Watakuja wenye kusema kwamba kanga yenyewe ni ya kigeni: leso ni neno la Kireno, na kanga nyingi zilipigwa chapa Uingereza, Uholanzi, India na Japani. Ni kweli. Lakini hoja hiyo inawashinda wao wenyewe. Ikiwa pamba ni ya wengine na chapa ni ya wengine, kilicho chetu hasa ni kipi ila neno? Kulitupa neno na kubaki na kitambaa ni kutupa chetu na kushika cha watu.

Watasema tena kwamba wanawake nao huikata kanga. Naam, huikata, lakini huikata doti katikati na kuipinda, na kila kipande hubaki na pindo lake, mji wake na jina lake. Huo ndio mkasi wenye adabu.

Sisemi kanga isishonwe. Jina laweza kupita zima kwenye upindo wa gauni, au mgongoni, au kifuani. Pindo laweza kuwa ukingo wa mkono. Na atakaye kukata apendavyo, kitenge kipo.

Nanyi walimu, msiwaachie wabunifu peke yao kazi hii. Mwambieni kila mwanafunzi akanakili majina ya kanga za nyumbani kwao, aulize kila moja lilinunuliwa lini, kwa ajili ya nani, na lilimjibu nani. Darasa litakuwa na kitabu cha methali, mafumbo na historia ambacho hakuna duka liuzalo. Mwanafunzi aliyekisoma kitabu hicho, siku akishika mkasi, atasoma kwanza ndipo akate.