Nani Kakalia Poti Yako?

Wadau, leo naweka siasa pembeni kidogo.

Kuna tabia inanikera. Mtu anawasha seva kwenye laptopu yake ili ajaribu tovuti, inagoma, inasema anwani tayari inatumika. Anazima, anawasha. Ikigoma tena anaipeleka kwa fundi, na fundi dawa yake ni moja tu: kufomati! Picha, mahojiano, habari ambazo hazijachapwa, vyote kwaheri. Na hela unatoa.

Jamani, ugonjwa wenyewe ni mdogo. Kompyuta ina poti, yaani milango ya mawasiliano, zenye namba 0 hadi 65535. Seva ya wavuti imezoea 80, MySQL 3306. Programu moja ikishakaa mlangoni, nyingine kwa kawaida haiwezi kukaa hapohapo. Basi uliza nani kakaa. Kwenye Windows andika netstat -ano, kwenye Linux au Mac lsof -i :8080. Ukishamjua, unamfunga au unahamia namba nyingine. Dakika mbili, bure.

Skripti fupi ya Python inaweza kukuulizia, ila hapa nina ugomvi na wajuzi. Wengi huandika skripti inayopiga hodi 127.0.0.1, ikiitikiwa, poti inatumika, isipoitikiwa, eti iko wazi. Sikubali. Programu inaweza kuwa imekaa kwenye anwani nyingine ya mashine hiyohiyo, hodi yako isiifikie. Na hata jibu likiwa la kweli, nukta moja baadaye mwingine anaweza kukuwahi. Bora skripti ijaribu kukalia poti yenyewe, kwa amri ya bind, na ikishindwa iseme. Kama namba yoyote inakufaa, omba 0, mfumo utakuchagulia iliyo wazi.

Kwa nini mwandishi wa habari ajali? Kwa sababu orodha hiyohiyo inakuonyesha programu iliyokaa kwenye 0.0.0.0, yaani inayosikiliza mitandao yote uliyounganishwa. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya mgahawa, na hakuna kizuizi, jirani wa meza ya pili anaweza kupiga hodi laptopu yenye majina ya watu waliokuamini.

Tunadai serikali iwe wazi, lakini milango ya mashine zetu hatuijui. Mimi naona hiyo ni aibu. Nyie mnaonaje?