NYUMBA UMENUNUA, KIBALI KIKO WAPI?

Ndugu Wafanyakazi,

Twaandika habari hii kwa uchungu. Mwenzetu mmoja wa karakana, aliyefanya kazi ya reli miaka 31, alistaafu, akachukua kiinua mgongo chake, akanunua nyumba mjini. Nyumba yenyewe ilikuwa njema: vyumba viwili, jiko, choo cha ndani na ua. Lakini uani palikuwa na nyongeza, yaani vyumba vitatu vya mabati vyenye wapangaji. Muuzaji alimwambia, "Mzee, kila chumba chalipa shilingi 4,000 kwa mwezi. Vitakulisha mpaka uzee." Kwa ajili ya vyumba hivyo bei ilipandishwa shilingi 900,000. Mzee akalipa.

Miezi saba baadaye askari wa kanju walibandika karatasi mlangoni. Vyumba havina kibali, tena vimejengwa juu ya bomba la maji machafu, vibomolewe. Mzee alikuwa amekusanya kodi shilingi 84,000 tu. Fanyeni hesabu, ndugu: 816,000 zimekwenda, na vibarua wa kubomoa bado hawajalipwa. Alipompigia simu muuzaji, alijibiwa, "Si uliviona kabla ya kununua?"

Neno hilo ndilo tunalolipinga leo.

Mzee aliona mabati. Hakuona kibali, kwa maana kibali hakikai ukutani. Tazameni Buruburu na Umoja huko Nairobi. Mitaa hiyo ilianza kujengwa miaka ya 1970, nyumba za jamaa moja moja zenye ua. Leo mbele ya nyumba nyingi kuna maduka, vyumba vya kupangisha, hata ghorofa. Nyingine zina kibali na nyingine hazina, na kwa macho hutazitofautisha. Hati ya kumiliki nayo haisaidii, kwani hueleza ploti na mwenyewe, haielezi banda la uani. Aliyejenga ndiye ajuaye kama alipewa ruhusa. Akinyamaza siku ya kuuza, ananyamaza kwa faida yake.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili. Dereva akipokea injini husoma kwanza kitabu cha makosa. Aliyemtangulia akijua breki ni mbovu asiandike, hawezi kusema kesho yake, "Si uliiona injini kabla ya kupanda?" Ataitwa mbele ya wakubwa ajibu. Je, injini iwe na kitabu cha makosa, na nyumba iliyonunuliwa kwa jasho la miaka 31 isiwe nacho?

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 yasema mtu asijenge bila idhini ya kaunti. Avunjaye aweza kutozwa faini hata shilingi 500,000, au kufungwa hata miezi miwili, au yote mawili. Lakini sikilizeni vizuri: ilani ya kaunti yaweza kumshukia mwenye nyumba wa sasa, hata mkaaji. Hivyo aliyejenga amekwenda na fedha, aliyenunua amebaki na ilani. Tena ana siku 14 tu za kukata rufani mbele ya kamati ya kaunti. Wengi wetu siku hizo huzimaliza tukiulizana tufanye nini.

Wako wasemao, "Kila mtu ana nyongeza, kanju haiwezi kubomoa mji mzima." Kweli, haiwezi. Ndiyo sababu hubomoa nyumba moja moja, na hakuna ajuaye zamu yake. Wengine husema, "Mpe karani kitu kidogo." Kitu kidogo si kibali. Karani huyu akihamishwa, atakuja mwingine na njaa yake, na karatasi huna.

Hatusemi kuongeza chumba ni dhambi. Mishahara twaijua, karo twaijua, na watoto hawaachi kukua kwa sababu nyumba ni ndogo. Aliyejenga kwa shida zake hatumchukii. Twamshtaki yule auzaye shida hiyo kwa mwenzake akiita faida.

Na wenye ofisi hawawezi kunawa mikono. Vyumba vile havikujengwa usiku mmoja. Mawe yalipakuliwa mchana na mabati yalipigiliwa misumari mchana. Askari apitaye kila siku kumfukuza mama mwenye sinia la nyanya, yeye hakuona vyumba vitatu? Kaunti ya Nairobi mwaka 2015 ilitunga hata sheria ya kuhalalisha majengo yaliyojengwa bila idhini. Basi wakubwa walijua siku nyingi. Wananyamaza ukuta ukipanda, wananyamaza nyumba ikiuzwa, kisha wanasema na yule asiye na kosa.

Wala kibali si karatasi tu. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 nyumba ya ghorofa ilianguka Huruma, Nairobi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Jengo lile lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa, na watu walikuwa wangali wakilipa kodi ndani yake.

Na sisi wenyewe tuna kosa. Sokoni twaivuta shuka kwa mikono miwili kabla ya kuilipia, lakini nyumba twainunua kwa neno la dalali. Twaona haya kuuliza, tusije tukaitwa watu wa mashaka. Haya hiyo imemgharimu mzee wetu fedha za uzeeni.

Kwa hiyo twataka mambo manne:

1. Muuzaji aonyeshe ramani iliyopitishwa, yenye muhuri, na mnunuzi aipime pale pale uani kwa futi. Chumba, veranda au banda lisilokuwamo katika ramani lisitiwe katika bei.

2. Mkataba uandike kwamba ilani ikija kwa kosa la kabla ya kuuza, gharama ni ya muuzaji. Na sehemu ya fedha ibaki kwa wakili kwa muda watakaopatana.

3. Kaunti imjibu mnunuzi kwa maandishi. Akipeleka nambari ya ploti, aambiwe kibali kipi kilitolewa na ilani ipi inangoja, kabla hajalipa.

4. Chama chetu kiweke kamati ya nyumba, na mwanachama asitoe arubuni kabla ya kuleta karatasi zake zisomwe.

Mwisho wa mwaka huu wenzetu 11 wa karakana watastaafu, na madalali wamekwisha kuyajua majina yao. Yule mzee wetu sasa ni mlinzi wa usiku. Alikuwa fundi aliyeheshimiwa na kila mtu. Leo, katika umri wa kupumzika, huvaa koti la mvua saa kumi na mbili jioni akaenda kulinda lango la tajiri. Tukinyamaza, mwakani atakuwa na wenziwe.

Letani karatasi zenu katika mkutano wa tawi. Asiyejua kusoma ramani atasomewa, wala hatachekwa.

Umoja ni nguvu.

Sisi, wanachama wa karakana