Arseniki Darini

Pita kwenye yadi yoyote ya mbao kando ya barabara utaziona: mbao za paini za kijani-kijani, zimeegemezwa ukutani, nyingine bado zinachuruzika. Muuzaji anajigamba, "Hizi zina dawa, bosi." Mteja analipa, fundi anapiga kenchi, bati linapanda. Hakuna aliyeuliza ni dawa gani.

Basi niseme mimi. Dawa iliyozoeleka ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki. Arseniki ndiyo hiyo hiyo mnayoijua, sumu inayoleta saratani. Mchanganyiko huo ulibuniwa na Mhindi Sonti Kamesan mwaka 1933, na sitamnyima haki yake: unafanya kazi. Shaba inaua kuvu, arseniki inamaliza mchwa, kromiamu inazifunga zote mbili ndani ya mti. Nguzo za umeme zimesimama kwenye udongo wenye unyevu miaka mingi kwa sababu yake.

Lakini Marekani watengenezaji walikubali kuiondoa dawa hii kwenye mbao za majumbani kufikia mwisho wa 2003. Ulaya nayo ikaibana mwaka 2004. Je, miili yetu ni ya chuma?

Tena kwetu hata uovu wenyewe unafanywa ovyo. Dawa hii inatakiwa isukumwe ndani ya mti kwa shinikizo, kwenye mtungi uliofungwa, kisha mbao zipumzike hadi dawa ishike. Wapo wanaochovya tu kwenye karai refu na kuuza siku hiyo hiyo. Kata ubao wa namna hiyo kwa msumeno: kijani ni ganda la juu, ndani mweupe pe. Mchwa atakula, na sumu umeshainunua. Kijana wa kupakia amebeba mzigo huo begani, maji ya kijani yanamtiririka mgongoni, glavu hana. Jioni vipande vilivyobaki vinakwenda kwa mama lishe wa jirani, bure, kwa roho safi kabisa. Anapikia wali. Ukiunguza mbao hizo, arseniki nyingine hupaa na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu. Na majivu kwetu hayatupwi. Yanasuguliwa sufuria, yanamwagwa kwenye tuta la mchicha.

Wanaonikera zaidi ni wanaosema mbadala ni anasa ya nchi tajiri. Malighafi inalala hapa hapa! Njombe miti ya miwati imepandwa tangu enzi za mkoloni kwa ajili ya tanini ya kulainishia ngozi. Watafiti wa Ulaya, Antonio Pizzi na Gianluca Tondi wakiwemo, wamechukua tanini ya miwati na kuichanganya na asidi ya boriki. Boroni peke yake ni dawa nzuri ya mchwa na kuvu, yenye madhara madogo kwa binadamu, ila ina ugonjwa mmoja: mvua huiosha. Tanini ikigandishwa ndani ya mti huipunguzia huo utoro. Na kwenye kenchi, chini ya bati, mvua inapita wapi? Kwa paa la nyumba ya kawaida, boroni tupu ingetosha leo.

Nenda Mtwara. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, mbanguaji yeyote atakuonyesha vidole vyake. Wavuvi wa India wamepaka mafuta hayo kwenye mitumbwi tangu zamani ili kuilinda. Sisi korosho nyingi tunazisafirisha ghafi kwenda India na Vietnam, ganda na mafuta yake ndani, wao wanayakamua na kuviuzia viwanda vya pedi za breki.

Wala msiniletee oili chafu ya gereji kwamba ndiyo njia ya asili. Ile ni taka ya injini, yenye metali zake, unaimwaga ardhini. Mwarobaini nao nauheshimu, lakini maji ya majani yaliyopakwa mara moja hayalindi nguzo ya uzio kwenye masika. Wajenzi wa majahazi walikuwa wakweli zaidi: sifa ya papa kwenye mbao, deheni ya shahamu na chokaa chini ya maji, na kazi inarudiwa kila chombo kinapopandishwa ufukweni. Hawakumdanganya mtu kwamba wamemaliza.

Kinachotakiwa ni fedha za majaribio ya shambani: vijiti vya paini vilivyotiwa tanini na boroni, vingine mafuta ya korosho, vikazikwa Morogoro, Tanga na Mafinga na kuchunguzwa miaka, siyo wiki. Chuo cha Sokoine kina wataalamu wa misitu. Wapeni kazi. Wakati huo huo kila ubao uandikwe dawa iliyotiwa, na arseniki ipigwe marufuku kwenye mbao za nyumba, ibaki kwenye nguzo tu hadi mbadala wake upatikane.

Wenye viwanda watapiga kelele kwamba bei itapanda. Waambieni watutajie kwanza ni nani atalipia kuzika nguzo na kenchi zote hizo zikichakaa, na shimo litachimbwa kijiji cha nani.