Upepo Umeonewa, Lenta Iko Wapi?

Washkaji, darasa likiezuliwa tunaambiwa "kazi ya Mungu". Jamani! Mungu ndiye aliyepigilia kenchi kwa misumari juu ya tofali tupu? Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita zaidi ya 550, upepo wa kusini unakuja bila kizuizi mpaka Liuli na Lituhi, unaingia barazani, unanyanyua bati kutoka chini. Dawa mafundi wanaijua: lenta ya zege izunguke kuta zote, nondo zichomoze humo zikunjwe juu ya kenchi. Kimbunga Hidaya kilipogonga Mafia Mei 2024 tulisema hayo ya pwani. Haya, na Mbamba Bay ni wapi? Mimi nikipangiwa kufundisha huko, napanda ngazi nikague kwanza, mkuu anune akitaka.