Thakili ya Mkoba wa Kila Siku

Katika zama za misafara, mpagazi aliyekodiwa Bagamoyo kwenda Ujiji hakuutia mzigo begani mpaka umekwisha kupimwa, na kipimo chenyewe kilijulikana pwani na bara: frasila mbili au pungufu kidogo, yaani takriban kilo 30, na ratili zilizozidi hapo, ziwe za shanga, za waya au za majora ya nguo, zilizua mabishano ambayo kiongozi wa msafara mwenye akili aliyamaliza kwa kupunguza. Ilikuwa kazi ya mashaka makubwa, wala hakuna wa kuitamani. Lakini mtu yule alijua alichokibeba, na alijua ujira wake wa kukibeba. Mfanyakazi wa Dar es Salaam wa leo, anayesukumana alfajiri katika kituo cha Kimara ili aingie mwendokasi wa Kivukoni, hajui hata moja katika hayo mawili. Hulitwaa begi lililolala nyuma ya mlango kama alivyolitwaa jana na juzi, akalitia haja ya leo bila ya kuitoa ya jana, na jioni bega na shingo vikimuuma hulilaumu godoro.

Tulifungue begi hilo, kwa idhini ya mwenyewe. Kompyuta mpakato pamoja na chaja yake aghalabu hukaribia kilo mbili. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu, kwa kuwa lita ya maji ni kilo, na hapana hila ya kuyapunguza isipokuwa kuyanywa. Kisha hufuata vile vidogo visivyohesabiwa na mtu: betri ya akiba ya simu, mwavuli, viatu vya ofisini vilivyofungwa gazetini ilhali mwenyewe yuko ndani ya ndala, hotipoti ya chakula, shajara ya mwaka uliopita, stakabadhi za duka zilizokwisha kufifia wino, na shada la funguo ambazo mbili kati yake ni za nyumba aliyokwisha kuhama. Kila kimoja kwa peke yake si kizito. Ujumla wake ndio umpindao mtu, hususan mwenye mkoba wa bega moja, ambaye kiwiliwili chake chote huinamia upande wa pili ili kuulipa mzani.

Wako wauitao uzito huu uzembe. Mimi naona asili yake ni hofu, na hofu yenyewe haikosi hoja. Aliyewahi kukatikiwa na umeme simu ikiwa imezima hataiacha tena nyumbani ile betri ya akiba. Na aliyewahi kurudishwa dirishani, baada ya kusimama foleni tangu asubuhi, kwa sababu hakuwa na kivuli cha kitambulisho wala picha mbili za pasipoti, huyo atazunguka na bahasha ya vivuli vya vyeti vyake vyote mpaka astaafu. Basi sehemu kubwa ya thakili ile si ya mbebaji, ni ya waliomtwika, na hao ndio wanaostahiki kuambiwa kwanza. Nchi ambayo laini ya simu husajiliwa kwa alama ya kidole haina udhuru wa kuendelea kumdai raia karatasi ya kuthibitisha kuwa yeye ni yeye. Na mwajiri anayetaka wafanyakazi wake wavae viatu vyeusi vinavyong'aa hashindwi kumpa kila mmoja mtoto wa meza mwenye kufuli, vikalala humo pamoja na mwavuli, wala hashindwi kuweka maji safi ya kunywa, ili ile chupa ije tupu na kurudi tupu.

Hata hivyo mwenye begi naye ana lake, nalo ni dogo: kila jioni alimwage lote mkekani, mpaka vumbi la pembeni, kisha asubuhi alipange upya kwa ajili ya siku ile peke yake. Wenye elimu ya dini walitufundisha kuyagawa matendo kwa faradhi, suna na makuruhu, na sioni bora kuliko hayo kwa kuhukumia vitu vya mkobani, ambamo makuruhu hujifanya faradhi kwa sababu tu imekaa humo siku nyingi. Kompyuta yenyewe ifikishwe mbele ya hakimu huyu. Wangapi huisafirisha kwenda na kurudi bila ya kuifungua nyumbani hata usiku mmoja?

Kanga, kwa upande wangu, naitetea. Mwanamke anayetembea na kanga iliyokunjwa mkobani ameyafikiria mengi, maana habari za msiba hazisubiri mtu arejee kwake kubadili nguo, na kipande kile kile humfunika mvuani, humfungia mzigo na humtandikia pa kukaa. Kadhalika mfuko mbadala uliokunjwa, kwani tangu Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, muuza nyanya hana tena rambo la kumtilia mteja asiyejiandaa.

Liko pia jambo la adabu. Katika daladala iliyojaa, aliyeketi humpokea aliyesimama begi lake akampakatia, pengine bila ya kuulizwa, nao ni uungwana ambao Mungu autudumishie. Lakini ni haya iliyoje kumkabidhi mgeni wa watu kilo saba, kuanzia Mbagala hadi Kariakoo, magotini pake!

Wapo watakaoniuliza: je, kikihitajika? Nawajibu kwamba mji huu ni ghala lenye miguu. Wingu halijatanda sawasawa, machinga amekwisha kusimama kituoni na miavuli. Kalamu, leso na waya wa simu hupitishwa dirishani kwa bei isiyomfilisi mtu, na fedha ya kulipia imo ndani ya simu. Dawa tu sizitii katika hukumu hii. Mwenye pumu na asiiache pampu yake, na mwenye kisukari asitoke bila ya vyake, hata kama ni siku ya kwenda sokoni na kurudi.