Kiolezo Hutengenezwa Mara Moja, Hukaguliwa Kila Mara

Fundi cherehani aliye stadi habuni upya umbo la kola kila anapokata shati. Anayo karatasi yake ya kukatia, ambayo huitandika juu ya kitambaa na kupitisha mkasi. Mfyatua matofali naye ana kalibu yake ya mbao. Mafundi hao wawili wanatumia jambo lile lile ambalo wahandisi hulitumia kila siku ndani ya kompyuta, yaani kiolezo: fikra iliyofanyiwa kazi mara moja na kuwekwa akiba ili itumike tena. Jambo hili laonekana dogo, na pengine ndiyo sababu halifundishwi ipasavyo. Hata hivyo, uzima wa mradi waweza kutegemea kiolezo ambacho mradi huo ulianzia.

Katika programu ya uchoraji kama AutoCAD, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1982, kiolezo ni faili lenye mambo yote yasiyobadilika kutoka mchoro mmoja hadi mwingine. Humo huwekwa aina ya vipimo, matabaka ya mchoro, unene wa mistari, ukubwa wa herufi, fremu ya karatasi, na kisanduku cha kuandikia jina la mradi, mchoraji, mkaguzi, tarehe na skeli. Mhandisi anapoanza mchoro mpya, programu humnakilia hayo yote, naye huanza moja kwa moja kwenye kazi yenyewe.

Wako walimu wanaodhani kwamba kiolezo humlemaza mwanafunzi. Hoja yao haifai kupuuzwa, lakini haitoshi. Mwanafunzi aliyekwisha kuchora fremu ya karatasi kwa mkono wake mara tatu ameijua. Akiichora mara ya arobaini hajifunzi neno jipya. Muda huo ungemfaa zaidi kama angeutumia kujiuliza iwapo boriti aliyoichora itahimili mzigo wake. Ulemavu hautokani na kiolezo. Hutokana na kutumia kiolezo ambacho mtumiaji hajui kimebeba nini.

Maana kila kiolezo hubeba mazingira ya aliyekitengeneza. Programu hiyo hiyo ya AutoCAD huja na kiolezo kimoja kinachopima kwa inchi na kingine kinachopima kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, atakayechanganya violezo hivyo viwili atapata kifaa kikubwa mara 25 kuliko alichokusudia, au kidogo kwa kiasi hicho hicho. Kosa la namna hiyo huonekana upesi. Yako mengine yajifichayo. Kiolezo cha mradi wa umeme kilichoandaliwa Marekani huchukulia volti 120 na hezi 60, ilhali Tanzania hutumia volti 230 na hezi 50. Kiolezo cha jengo kilichotoka nchi ya baridi huweza kuhesabia uzito wa theluji juu ya paa la nyumba ya Mtwara, na kulielekeza dirisha kusini kulifuata jua, ambalo kwa mtu wa Mtwara huwa upande wa kaskazini kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wahenga walisema kwamba cha kuazima hakisitiri maungo. Si kwamba nguo ni mbovu, bali haikupimwa kwa mwili wa aliyeivaa.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni roketi ya Ariane 5, ambayo nchi za Ulaya ziliirusha kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guiana ya Kifaransa, tarehe 4 Juni 1996. Sehemu ya programu ya kuiongoza ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vema. Lakini roketi mpya ilienda kasi zaidi ya ile ya zamani katika dakika yake ya kwanza. Namba moja inayohusiana na kasi hiyo ikawa kubwa mno, ikashindwa kuenea katika nafasi ya biti 16, ambayo haiwezi kupokea zaidi ya 32,767. Chombo cha akiba na chombo kikuu vyote viwili vilizimika, kwa kuwa vilibeba programu moja. Kiasi cha sekunde 40 baada ya kuanza kwa mfuatano wa kuruka, roketi iligeuka njia na kuvunjika, pamoja na satalaiti nne za utafiti ilizozibeba. La kusikitisha zaidi, sehemu ile ya programu haikuwa na kazi yoyote katika Ariane 5 baada ya kupaa. Ilibakizwa tu kwa sababu ilikuwamo.

Fundisho lake si kwamba kazi ya zamani isitumike tena. Ni kwamba masharti yaliyoifanya kazi hiyo iwe sahihi yaandikwe, na yasomwe upya kila inapohamishwa.

Iko na tabia nyingine inayopasa kukomeshwa, nayo ni ya kunakili mradi wa zamani na kuuita kiolezo. Mradi wa zamani umejaa mambo ya mwenyewe: jina la mteja, vipimo vya kiwanja kile, matabaka yaliyofichwa, saini ya mkaguzi ambaye hakuuona mradi mpya. Kiolezo cha kweli huanza kwa kuondoa. Kila kinachohusu kazi moja tu hufutwa, na pale ambapo mtu hapaswi kukisia huachwa wazi, ili mtumiaji alazimike kujaza kwa akili yake.

Yapo pia masahihisho. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika utafiti wake wa udaktari huko MIT, alitengeneza Sketchpad, programu ambayo mchoro mama ukirekebishwa, nakala zake zote zilirekebika pamoja nao. Faili la kiolezo halina sifa hiyo. Likisahihishwa leo, michoro iliyozaliwa nalo jana hubaki na kosa lake. Kwa hiyo kila kiolezo hakina budi kuwa na jina, tarehe, namba ya toleo na mtu wa kuulizwa, na kila mchoro utaje toleo lililouzaa. Bila hayo, kosa moja huenea katika michoro hamsini wala hapana ajuaye pa kuanzia kulitafuta.

Shule za sekondari zaweza kuanza sasa. Programu ya FreeCAD hupatikana bure, nayo ina violezo vya karatasi ambavyo mwanafunzi aweza kuvifungua na kuvibadili. Palipo na kompyuta chache, ripoti ya maabara yatosha: darasa na litengeneze kiolezo chake, likitumie muhula mzima, kisha likikosoe hadharani na kutoa toleo la pili. Mwalimu asitoe alama kwa unadhifu peke yake. Na amwulize kila mwanafunzi swali moja: katika hiki ulichorithi, ni kipi umekithibitisha mwenyewe? Mwanafunzi atakayeweza kulijibu swali hilo ameanza kuwa mhandisi. Asiyeweza, hata mchoro wake ung'are namna gani, bado ni mnakili.