Rapu ya Pwani na Ngoma za Wazee

Kila kundi la rapu la pwani linapothubutu kuingiza ngoma za Wamijikenda au tuni ya taarab katika nyimbo zake, wakereketwa wa hip-hop huinuka na kulishutumu: eti limeisaliti sanaa na kujipeleka sokoni. Twaipinga shutuma hiyo, na twadhani walimu na wanafunzi ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kuikataa.

Ukoo Flani, kundi lililoibuka Mombasa, lilisifika kwa mashairi makali ya Kiswahili juu ya mdundo usio na mapambo. Mwaka 2004, pamoja na wenzao wa Mau Mau kutoka Dandora, Nairobi, walishiriki katika albamu ya Kilio cha Haki. Hatimaye Alai K, mmoja wao, akashika njia nyingine: kwanza kwa jina la Disco Vumbi, kisha kwa jina lake katika albamu ya Kila Mara ya mwaka 2022, akazioanisha ngoma za pwani na midundo ya kielektroniki. X Plastaz wa Arusha nao walikwisha kuuweka uimbaji wa Kimaasai kando ya rapu. Je, hawa wote ni wasaliti?

Hip-hop yenyewe ilizaliwa kwa kuchanganya. Mwaka 1973, mtaani Bronx, New York, Kool Herc, kijana mzaliwa wa Jamaika, aliweka santuri mbili na kukirudia-rudia kile kipande ambapo ngoma hubaki peke yake. Santuri zenyewe zilikuwa kazi ya watu wengine. Anayedai usafi hapo sijui anautoa wapi.

Na sisi wa pwani tusijisahau. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili katika muziki uliotokana na Misri. Juma Bhalo alichukua tuni za filamu za Kihindi akazivika mashairi ya Kimvita. Zuhura Swaleh akaiingiza chakacha katika taarab. Ni nani atakayesimama Mombasa leo aseme Bhalo hakuwa wetu?

Walimu wa Kiswahili wanaujua mgogoro huu kwa sura nyingine. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo walisema kisicho na vina na mizani si shairi. Leo mwanafunzi hufundishwa shairi la arudhi na shairi huru, na wala arudhi haikufa.

Hatusemi kila mchanganyiko ni mzuri. Wapo wanaochopoa sekunde mbili za ngoma na kuzipachika kama kipuli, wasijue hata ngoma hiyo huchezwa wapi. Wapo pia ambao, wakishapata mdundo wa kuchezesha watu, huyaacha maneno yakalegea. Hao walaumiwe kwa uvivu; kuchanganya si kosa lao.

Lakini mtazame kijana wa Ziwa la Ng'ombe anayetaka mwanzele katika wimbo wake kwa dhati. Kompyuta haitamtosha. Hana budi kumwendea mzee anayeijua ngoma hiyo, amwamkie, akae mkekani, aulize kwa nini mdundo hubadilika kati ya matanga na arusi, na maneno yake ya Kigiriama yana maana gani. Atarudi na msamiati ambao hakuupata darasani. Somo kama hilo, ambalo shule zetu hulitafuta kwa taabu wakati wa tamasha za muziki na kulisahau tamasha zikiisha, yeye amelifuata kwa miguu yake.

Wazee wanaozijua ngoma hizi wanapungua, na wengi hawana wanafunzi. Kijana mwenye kinasa sauti huenda anaishi mtaa wa pili. Anayemkataza asivuke njia kwa kuwa hiyo si hip-hop, na atuambie ni nani mwingine atakayekwenda.